Mkebe wa nyuzi na simu: mdarizi wa Eastlands aanzie wapi?

Anayedarizi vitambaa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi siku hizi hupewa mashauri mengi, na mengi yanapingana. Chamani anaambiwa anunue nyuzi kwa jumla kabla bei haijapanda. Nyumbani anaambiwa pesa zilizolala ndani ya mkebe hazilipi kodi ya nyumba. Mmoja anamhimiza achukue mchoro wowote anaouona kwenye simu kwa sababu mtandao ni wa wote. Mwingine anamwonya kwamba huo ni wizi na ipo siku atashtakiwa. Mteja naye anafika na picha ya shada la maua yenye rangi arobaini, anasema anataka yake iwe vivyo hivyo, na anaitaka kabla ya Krismasi.

Kwa kawaida maswali haya hujibiwa moja moja, kana kwamba kupanga vifaa ni kazi ya usafi wa nyumba na kutafuta michoro ni burudani ya jioni. Ukiyatazama kwa makini utaona ni swali moja. Kila picha inayohifadhiwa kwenye simu huomba uzi ambao haumo mkebeni, na kila uzi unaonunuliwa kwa ajili ya picha ambayo haikushonwa hubaki kuwa mzigo. Kwa hiyo hapa tutapima pande zote mbili pamoja.

Kazi iliyofundishwa ukumbini, ikakulia chumbani

Kudarizi hakukuingia Eastlands kwa mlango mmoja. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilipokea Waislamu wengi waliozungumza Kiswahili, wakaja na kanga, kofia na kanzu zao pamoja na mazoea ya pwani ya kupamba nguo kwa sindano. Mlango wa pili ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilianzishwa mwaka 1952, mwaka ule ule ilipotangazwa hali ya hatari, na vikundi vyake vilifundisha upishi, malezi na ushonaji. Nia ya siasa haikufichika: mwanamke aliyeketi na sindano alitarajiwa kuwa mbali na Mau Mau. Hata hivyo ujuzi uliwabakia wanawake, nia ile ikapita.

Baadaye mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza sayansi kimu na sanaa katika shule za msingi. Watoto wengi wa Makadara, Bahati na Jericho walijifunza mshono wa mnyororo na mshono wa msalaba kwenye kipande cha kitambaa cheupe wakiwa bado hawajafika sekondari. Kisha makochi ya watu saba yakawa fahari ya sebule, na kochi bila vitambaa likaonekana kama limevuliwa nguo. Soko la vitambaa vya kufuma na vya kudarizi likapata msingi wake hapo.

Nyumba, hata hivyo, hazikukua pamoja na kazi. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa hesabu ya vyumba vichache kwa familia moja. Buruburu ya miaka ya 1970 ilileta nafasi zaidi kwa waliojiweza, lakini maghorofa yaliyoota baadaye Umoja, Kayole na Pipeline yalirudi kwenye chumba kimoja. Ndani ya chumba hicho kuna kitanda, jiko, mitungi ya maji, sare za shule na pazia linalogawa usiku na mchana. Mdarizi hana meza ya kazi. Meza yake ni magoti. Mashauri mengi ya mtandaoni kuhusu kupanga vifaa yameandikwa kwa watu wenye chumba kizima cha ushonaji, chenye kabati la droo ishirini. Hilo pekee ni chanzo kikubwa cha mkanganyiko huu.

Wanaonunua kwa oda

Kundi la kwanza husema usinunue uzi kabla ya kazi. Mteja akishaagiza na kutuma malipo ya awali kwa M-Pesa, ndipo uende Biashara Street, Eastleigh au Gikomba ukachukue kile tu kazi inachohitaji. Hoja yao ina nguvu. Pesa za mdarizi mdogo ni hizo hizo za unga na nauli, na uzi uliokaa miezi sita haujazaa kitu. Chumba nacho hubaki wazi. Tena anayenunua kwa oda hujifunza haraka gharama halisi ya kila kipande, kwa kuwa risiti na kazi ziko pamoja.

Udhaifu wa njia hii huonekana kwenye kazi ya seti. Chukua makochi ya watu saba ya mpangilio wa tatu, mbili, moja na moja. Migongo ni saba. Makochi manne yana mikono miwili kila moja, hiyo minane. Ongeza kitambaa cha meza kubwa, na sasa una vipande 16 kabla hujagusa stuli. Vyote vinatakiwa viwe na wekundu ule ule mmoja. Nyuzi hutiwa rangi kwa mafungu, na uzi wa namba ile ile uliotiwa rangi siku nyingine unaweza kupishana na wa kwanza kidogo. Dukani chini ya taa tofauti haionekani. Ukiviweka vitambaa kwenye makochi yanayotazamana na dirisha, inaonekana hata kwa mgeni. Anayenunua haba na haba kwa seti ya vipande 16 anajitafutia kazi ya kufumua.

Kuna pia gharama ambayo haiandikwi popote, nayo ni safari. Kutoka Kayole hadi katikati ya mji kwa ajili ya fungu moja la kijani kibichi ni nauli ya kwenda na kurudi na nusu siku ya mikono isiyoshona. Mara nyingi safari huwa ghali kuliko uzi wenyewe.

Wanaoweka akiba

Kundi la pili hununua kwa jumla: pakiti nzima badala ya mafungu mawili matatu, kitambaa kwa jora badala ya mita. Bei ya kila kimoja hushuka, kazi haisimami usiku kwa kukosa rangi, na oda ya haraka inapokelewa bila wasiwasi.

Lakini akiba ina tabia ya kujijaza yenyewe. Rangi zinazonunuliwa kwa wingi ni zile zilizopendeza jicho siku hiyo: waridi, zambarau, machungwa. Rangi zinazoisha haraka ni nyeupe, maziwa, kijani cha majani na kahawia ya shina, kwa kuwa kila ua lina shina na kila kitambaa kina ukingo. Baada ya mwaka mkebe umejaa, na bado mdarizi analalamika hana uzi.

Inafaa tutazame fungu moja kwa karibu. Fungu la kawaida la uzi wa kudarizi wa DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza Mulhouse mwaka 1746, lina urefu wa mita 8, na ndani yake nyuzi nyembamba sita zimelala pamoja. Ukikata vipande vya nusu mita utapata 16. Kila kipande ukikigawa nyuzi mbili mbili, utapata vitatu. Hivyo fungu moja humwezesha mtu kutia uzi sindanoni mara 48. Kwa maua madogo ya pembeni, hiyo ni kazi ya jioni nyingi. Wengi hununua mafungu matano pale ambapo moja na nusu lingetosha, kwa kuwa hawajawahi kuipiga hesabu hii. Nyuzi za bei nafuu kutoka China hupatikana zikiwa na namba zinazofuata zile za DMC. Rangi hukaribiana bila kulingana kabisa, kwa hiyo namba peke yake isiaminiwe.

Zipo pia akiba za pamoja. Wanawake watano wa chama hununua jora na pakiti wakagawana. Bei inakuwa nzuri. Matatizo huanza kwenye kuhifadhi na kukopeshana: aliyekopa fungu la bluu Januari hurudisha bluu ya fungu jingine Machi, na hapo deni limelipwa lakini seti imeharibika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika chama hupotea pamoja na urafiki.

Sanduku la bati, ndoo ya plastiki au mfuko wa kitambaa

Hili linabishaniwa kuliko linavyostahili, ingawa kuna mambo machache ya msingi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hutengeneza masanduku ya bati yale wanayobeba wanafunzi wa bweni, na hakuna kinachoshinda bati kwa panya. Adui wa bati ni unyevu: wakati wa mvua za masika jasho hujikusanya chini ya kifuniko, kutu ikaanza, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa sabuni. Ukitandika kadibodi au kitambaa kizito ndani, sanduku hilo linafaa miaka mingi.

Mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku wenye kifuniko huzuia vumbi na mende, unapangika chini ya kitanda na haugharimu kitu baada ya mafuta kuisha, mradi uoshwe hadi harufu yote iishe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kwa nyuzi hasara haikuwa kubwa, kwa maana juala hufungia unyevu ndani na kuleta ukungu. Mfuko wa pamba unapumua vizuri, ila haumzuii panya wala moshi. Kwa anayekaa Dandora, karibu na jalala linalotumika tangu miaka ya 1970, au anayepikia mafuta ya taa chumbani, moshi si jambo dogo: harufu huingia ndani ya pamba na mteja huisikia anapofungua kifurushi.

Njia inayopatanisha haya ni ya tabaka mbili: nyuzi ndani ya mifuko midogo ya pamba, mifuko ndani ya mkebe au sanduku. Sindano zikae kwenye mto wake, zisiachwe zimechomekwa kwenye kazi, kwa kuwa zitatia kutu papo hapo. Na vitambaa vilivyokamilika vihifadhiwe bila wanga. Wanga hufanya kitambaa kisimame kwa urembo, lakini kwa mende ni chakula. Utie siku ya kumkabidhi mwenyewe.

Jambo lenye uzito zaidi kuliko chombo ni lebo. Fungu hufika na karatasi yenye namba ya rangi. Likifunguliwa karatasi hupotea, na kuanzia hapo uzi hauna jina. Kipande cha kadibodi ya pakiti ya unga, kilichokatwa ukubwa wa kiberiti, kikazungushiwa uzi na kuandikwa namba, duka, bei na tarehe, hutatua zaidi ya nusu ya matatizo yaliyotajwa hadi sasa. Hakigharimu chochote. Kinachokosekana ni mazoea tu.

Simu kama dirisha, na simu kama mtego

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na Pinterest ikaanza mwaka uliofuata. Kabla ya hapo mchoro ulipita mkono kwa mkono: karatasi ya kaboni, kitambaa cha jirani, jarida la zamani lililonunuliwa mitumbani. Mitaa mizima ilishona tausi yule yule. Aliyezaliwa na jicho la rangi na hakuwa na jirani mwenye mchoro mpya alibaki na tausi.

Wanaoitetea simu wanataja faida isiyokanika: elimu. Chuo cha kudarizi cha Uingereza, Royal School of Needlework, kilichoanzishwa mwaka 1872, kilifungua mwaka 2021 hazina ya mishono mtandaoni inayoonyesha kila mshono hatua kwa hatua bila malipo. Kitabu kikubwa cha Thérèse de Dillmont kuhusu kazi za sindano, kilichotoka mwaka 1886, kinasomwa bure kwa kuwa haki zake zimeisha muda. Tovuti ya Antique Pattern Library imekusanya michoro ya zamani iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Na video ya mtu anayeshona haihitaji lugha: mikono ya mwanamke wa Brazil inaeleweka Maringo.

Wanaoishuku simu wanataja mambo mengine, na wengi wao wameyapata kwa kuumia. La kwanza ni wingi. Picha mia nne zilizohifadhiwa hazimpi mtu kazi mia nne. Humpa shaka mia nne. Kila akianza moja anakumbuka nyingine iliyo nzuri zaidi. Bando nalo linaisha kwenye kutazama.

La pili ni saa za kazi, ambazo picha haizionyeshi. Kitambaa cha kushonea msalaba chenye mashimo 14 kwa inchi kikibeba picha ya mishono 140 kwa 140 hutoa mraba wa inchi 10, takriban sentimita 25, upana wa mto mdogo. Mishono yake ni 19,600. Tuseme mkono wa wastani unashona mia kwa saa: hiyo ni saa 196. Kwa saa nne kila usiku, watoto wakishalala na stima ikiwepo, ni usiku 49. Mteja aliyeleta picha ile anaitaka wiki ijayo kwa bei ya kitambaa cha mashine.

La tatu ni jipya na linazidi kukua. Picha nyingi zinazosambaa sasa kama kazi ya mkono zimetengenezwa na programu za akili unde, na hakuna sindano iliyowahi kuzigusa. Ukizikuza utaona: uzi unaanza kuwa mshono na kuishia kuwa rangi iliyomwagika, petali mbili zinayeyukiana, mwelekeo wa mishono unageuka pasipo sababu, na nyuma ya kitambaa haionyeshwi kamwe. Mdarizi anayeshindwa kuiga kitu kama hicho huona mkono wake ni mzito, kumbe anaiga kisichoshoneka. Hili linaniudhi kuliko yote, maana linawavunja moyo wanaoanza, wale hasa tunaowahitaji.

Na la nne: picha huja na orodha ya rangi za dunia nzima. DMC pekee ina rangi zinazokaribia 500. Duka la mjini huweka zinazonunuliwa. Hapo ndipo simu inapoanza kuujaza mkebe, fungu moja moja, kwa ajili ya kazi ambazo hazitashonwa.

Mchoro ni wa nani?

Hofu ya kushtakiwa ina msingi, ingawa mara nyingi huelezwa vibaya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu michoro na kazi za mikono za sanaa kuwa kazi zinazolindwa, na ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuwekwa mtandaoni hakuondoi haki hiyo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu matumizi ya binafsi kwa haki, kwa hiyo anayejifunza kwa kushona ua la mtu mwingine na kuliweka kwenye mto wake hana cha kuogopa. Anayeshona ua lile lile mara thelathini na kuliuza yuko mahali pengine kabisa. Mishono yenyewe, kama mnyororo, msalaba au shina, si mali ya mtu.

Wanaosema mtandao ni wa wote husahau kwamba kisu hiki kina makali pande zote mbili. Mwaka 2007 Wakenya wengi walikasirika kusikia kampuni ya Uingereza imeomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Ombi lilipingwa na hatimaye likaachwa. Ni vigumu kudai heshima kwa kikoi na papo hapo kumnyima heshima hiyo mchoraji wa nchi nyingine. Kenya ina pia Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, na mdarizi aliyetunga mchoro wake mwenyewe anaweza kuusajili KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, kwa miaka mitano, akauongezea muda mara mbili hadi 15.

Kwa mwenye bando dogo, habari njema ni kwamba yapo makabati makubwa yaliyofunguliwa kihalali. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliachia mwaka 2017 picha zaidi ya 375,000 zitumike bila masharti hata kwa biashara. Smithsonian ilifuata mwaka 2020 na picha milioni 2.8. Ndani yake mna nguo za Asia, darizi za Ulaya, na vitambaa vya ukili vya Wakuba wa Kasai, Kongo, ambavyo mistari yake ya pembe na mafundo inashoneka kwa uzi wa rangi mbili tu.

Wanaosema turudi nyumbani

Kundi la mwisho linasema simu iwekwe kando, kwani nakshi zimejaa tele hapa hapa. Yupo anayeichukulia hoja hii kuwa ya wazee. Mimi naiona ina uzito wa kibiashara. Kanga ina pindo, mji na jina: mpangilio uliokamilika wa ukingo, kiini na maneno, na unaingia sawasawa kwenye kitambaa cha meza. Umbo la korosho linalozunguka kanga nyingi hushoneka kwa mshono wa mnyororo na rangi tatu. Kofia za viua za Lamu na Mombasa hufundisha somo ambalo picha za mtandaoni huficha, yaani uzuri wa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kwa vitundu na mpangilio peke yake. Mdarizi wa Shauri Moyo anayefahamu kazi hiyo hahitaji rangi arobaini.

Udhaifu wake ni kwamba "nyumbani" nako kuna wenyewe. Kanga ni kazi ya wachoraji na wafanyabiashara. Nyumba ya Kaderdina ya Mombasa, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ipo tangu 1887. Kuchukua mpangilio wa pindo na mji ni kufuata jadi. Kunakili mchoro mzima wa kanga iliyotoka mwaka huu ni kunakili. Na wateja wengi, tuseme kweli, wanataka waridi. Anayewalazimisha korosho atabaki na korosho zake.

Mashine nazo zimekwisha kuamua sehemu ya swali hili. Nembo za shule, majina kwenye taulo na maandishi ya kanisa sasa hufanywa na mashine za kompyuta kwa dakika chache. Mkono hauwezi kushindana nazo kwa kasi. Unaweza kushindana kwa kitu ambacho hakimo kwenye faili la mashine ya jirani, na kitu hicho kwa kawaida kinatoka katika kuchanganya: mshono uliojifunzwa mtandaoni, umbo la hapa, rangi zilizomo mkebeni.

Mizani

Ukiweka yote haya pamoja, hakuna kambi inayoshinda peke yake. Wanaonunua kwa oda wana haki kuhusu rangi za mapambo na wamekosea kuhusu seti. Wanaoweka akiba wana haki kuhusu nyeupe, maziwa, kijani na kahawia, na wamekosea kuhusu karibu kila rangi nyingine. Kazi ya seti inunuliwe uzi wake wote siku moja, duka moja, kwa pesa ya awali ya mteja. Mteja asiyetaka kutoa malipo ya awali kwa vipande 16 bado hajaagiza. Chama kinafaa kununua pamoja zile rangi nne za msingi na vitambaa kwa jora, kila mtu achukue fungu lake zima siku hiyo hiyo, kusiwe na kukopeshana.

Kuhusu michoro, nimeelemea upande mmoja: mkebe utangulie, simu ifuate. Mwenye kadi zake za rangi anaweza kuzitandaza kitandani saa nne asubuhi, mwanga wa dirisha ukiwa mweupe, akazipiga picha moja. Picha hiyo ikae ya kwanza kwenye simu. Kila mchoro unaotamaniwa ulinganishwe nayo kabla ya kuhifadhiwa: je, unashoneka kwa rangi hizi, au kwa hizi na moja ya kununua? Kama jibu ni hapana, mchoro upite. Mteja aliyeleta picha ya rangi arobaini aonyeshwe picha hiyo hiyo, pamoja na hesabu ya saa, achague kati ya kupunguza rangi na kuongeza bei. Wengi hupunguza rangi.

Simu hiyo hiyo ina kazi nyingine ambayo haitumii bando hata kidogo. Ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, weka karatasi nyembamba juu ya mchoro uliokwisha kuhifadhiwa, ufuate kwa penseli laini bila kukandamiza. Kisha chora viraba juu ya karatasi, uvikuze kwenye karatasi kubwa kiraba kwa kiraba, na uhamishe kwenye kitambaa kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino, ambayo ikikutana na maji itatembea. Kabla ya yote, uzi mwekundu na mweusi ulowekwe usiku mmoja katika bakuli la maji, hasa wiki ambazo mfereji hautoi maji na kitambaa kilichochuja rangi hakiwezi kufuliwa upesi. Mchoro unaopitia hatua hizi mikononi mwako huwa umebadilika mahali kadhaa, na mabadiliko hayo ndiyo mwanzo wa kuwa na mchoro wako.

Anayetaka kujaribu asisubiri mwezi ujao wala sanduku jipya. Jumamosi asubuhi, kabla ya kununua bando, atoe nyuzi zote alizonazo, azifungue, azizungushe kwenye kadibodi, aandike namba zinazojulikana na aache wazi zisizojulikana. Kisha ahesabu nyeupe zilizobaki.